CT imeona donge kichwani mwa kongosho: MRI itatwambia ni saratani au ni kuvimba tu?

KarafuuKavu

Assalaam alaykum jamani. Wenye ujuzi naomba msome mpaka mwisho, na wasio na ujuzi mtuombee dua.

Mjomba wangu, miaka 61, mtu wa shamba huku Wete. Alianza na maumivu ya tumbo la juu yanayompitia mpaka mgongoni. Kilo zikamshuka, kanzu zake zote sasa zinampwaya. Halafu macho yakawa manjano, mkojo rangi ya chai kavu, choo cheupe, na usiku kucha anajikuna. Sukari imepanda na hakuwa na kisukari kabla. Ultrasaundi ikasema mrija wa nyongo umepanuka. Tukavuka Unguja, akapigwa CT. Ripoti kwa maana yake ni hivi: donge la sentimita 3 kichwani mwa kongosho, yawezekana saratani, yawezekana kongosho lililovimba kwa muda mrefu, MRI inashauriwa.

Hapo familia ikagawanyika. Wakubwa wanasema hii ni saratani, arudi kwake akae na watu wake. Watoto wake wanataka shamba liuzwe aende India. Mie nimebaki katikati. Suali langu: ikiwa CT haikujua, hiyo MRI itaona nini cha zaidi? Au ni pesa nyingine tu inakwenda?

JuaKaliDarajani

Pole sana ami. Mie najua MRI ni ya mgongo na magoti ya wacheza mpira. Kumbe hata tumbo?

BiKizimbani

Mwanangu pole. Usikate tamaa kwa neno la karatasi. Jirani yangu aliambiwa ana saratani ya kongosho, akarudishwa nyumbani. Akatumia habasoda na asali, mwaka wa tano huu anasomesha watoto madrasa. Mpe mjomba wako na kisomo pia.

PichaZaNdani

Waalaykum salaam. Kazi yangu ni kupiga hizi picha. Kuzisoma ni kazi ya daktari wa radiolojia, na humu yumo mmoja, namngoja aje anirekebishe.

KarafuuKavu, usiilaumu CT. Kongosho ndilo gumu. Limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo, na kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo. Mrija wa nyongo unapita ndani ya kichwa hicho hicho, ndiyo maana donge lolote hapo, liwe baya au zuri, linamfanya mtu awe manjano. Sasa ubaya wenyewe: saratani ya kawaida ya kongosho hujizungushia kovu gumu, na kuvimba kwa muda mrefu nako huishia kwenye kovu gumu. Damu inapita haba kotekote. Kwa hivyo ukilitazama donge peke yake, haya mawili yanafanana sana. Hata mpasuaji akilishika kwa mkono wake hana uhakika. Ndivyo ilivyo duniani kote: katika wanaopasuliwa kwa kushukiwa saratani ya kongosho, asilimia 5 mpaka 10 hivi hukutwa hawakuwa nayo. Na huo upasuaji wa kichwa cha kongosho, wenyewe wanauita Whipple, unaondoa kichwa, mwanzo wa utumbo, kibofu cha nyongo na kipande cha mrija wake. Hafanyiwi mtu kwa kubahatisha.

MRI inatofautiana na CT kwa namna inavyoona. CT inatumia eksirei, inasoma jinsi kila nyama inavyozizuia. MRI inatumia sumaku na mawimbi ya redio, inasikiliza haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Mashine ni moja, mgonjwa amelala pale pale, lakini tukibadilisha mpangilio tunapata picha za aina nyingi, na kila moja inauliza suali lake. Mwaka 1971 Raymond Damadian, Mmarekani, alionyesha kwamba vivimbe vya panya vinajibu sumaku tofauti na nyama nzima. Tamaa ya watu ikawa hiyo: sumaku itatuambia hapa pana saratani na hapa hapana. Ingekuwa rahisi hivyo, uzi huu usingekuwepo.

Picha ya kwanza wanaiita T1, mafuta yakiwa yamezimwa. Kongosho zima linang'aa hapo kwa sababu seli zake zimejaa protini za kusagia chakula. Donge linatoka jeusi, la saratani na la kuvimba. Inasaidia kuonyesha mipaka. Doa moja jeusi ndani ya kongosho linalong'aa linatia shaka zaidi. Kongosho lote likiwa limefifia, hilo limeumwa siku nyingi, lakini hapo hapo saratani inapata pa kujificha.

Ya pili ndiyo ninayotaka uikamate. Inaitwa MRCP, picha ya mirija. Ilianza mwaka 1991. Inazima kila kitu isipokuwa maji yaliyotulia, kwa hivyo nyongo na majimaji ya kongosho yanawaka meupe, mingine yote giza. Hakuna kamera mdomoni, na dawa ya mshipani haihitajiki. Daktari anaufuata mrija mkuu wa kongosho kutoka mkiani mpaka kichwani. Fikiria mpira wa kumwagilia maji. Ukiwekewa gunia juu yake, unabanwa, unakuwa mwembamba, lakini ukiufuata unatokea upande wa pili. Ukikatwa kwa panga, unaishia pale. Donge la kuvimba mara nyingi hubana: mrija unaingia, unasinyaa taratibu, kuta zake laini, unatoka. Donge la saratani mara nyingi hukata: mrija unaishia ghafla, na nyuma yake umefura kwa majimaji yaliyokosa njia. Utafiti wa Wajapani uliotoka mwaka 2001 ulikuta mrija unaopenya ndani ya donge kwa asilimia 85 ya madonge ya kuvimba, na kwa asilimia 4 tu ya saratani. Kwenye kongosho ni nadra kupata alama moja yenye nguvu kama hiyo.

Zilizobaki mbili nazitaja kwa ufupi. Moja ni ya dawa ya kung'arisha, gadolinia, inayopigwa sindano mshipani halafu tunapiga picha kwa kufuatana na saa. Sekunde 40 hivi za mwanzo kongosho zima linawaka sana, na saratani inabaki nyuma, nyeusi. Baada ya dakika chache kovu linaanza kunywa dawa polepole. Nyingine ni ya mtawanyiko, inapima jinsi chembe za maji zinavyocheza ndani ya nyama. Seli zikisongamana, maji hayapati nafasi, na doa linawaka. Hii namwachia daktari mwenyewe aieleze, maana inapotosha watu.

JuaKaliDarajani

Dada umesomesha! Kwa hiyo mrija ukipita, si saratani, familia iende kula pilau?

DaktaWaNgambo

Hapana ami, pilau lingoje.

Nashukuru PichaZaNdani, umeeleza vizuri kuliko baadhi ya madaktari wanaoniletea wagonjwa. Naongeza ninayoyajua kwa kusoma picha hizi.

Asilimia 4 ni watu. Kuna saratani ambazo mrija unapita ndani yake, khasa zinazoanza pembeni ya mrija au kwenye ile pembe ya chini ya kichwa. Na kuna madonge ya kuvimba ambayo kovu lake limeziba kabisa. Alama ya mirija miwili kupanuka pamoja, wa nyongo na wa kongosho, vijana skulini wanaikariri kuwa ni saratani. Huongeza shaka, ndiyo, lakini nimeiona kwa kovu tupu na hata kwa jiwe.

Picha za mtawanyiko: saratani inazuia maji, kweli. Lakini donge la kuvimba lenye kovu nalo linazuia, namba zao zinaingiliana. Na kuna aina moja ya kuvimba, inayotokana na kinga ya mwili kulishambulia kongosho lenyewe, ambayo mara nyingi inazuia maji kuliko hata saratani. Mtu akikwambia "doa limewaka, basi ni saratani", mkimbie. Picha hizi zinafaa sana kwa kutafuta vitu vidogo kwenye ini, maana saratani ya kongosho hupenda kwenda huko.

Hiyo aina ya kinga ya mwili nataka muijue, kwa sababu inatibika kwa vidonge. Jina lake la sasa lilitolewa Japani mwaka 1995, na mwaka 2001 Wajapani wakaonyesha kwamba wengi wa wagonjwa hao wana kiwango kikubwa cha IgG4, aina moja ya protini za kinga, kwenye damu. Inawapata zaidi wanaume waliopita miaka 60, wanakuja wakiwa manjano, wamekonda, wengine na kisukari kipya. Umeona inavyofanana na habari ya mjomba wetu? Na saratani nayo inakuja hivyo hivyo. Kwenye MRI kongosho hunenepa, vile vigawanyiko vyake vya kawaida vinapotea, na kuna ukingo mwembamba mweusi unaolizunguka. Mrija unakuwa mwembamba kwa kipande kirefu, pengine sehemu mbili tatu, lakini nyuma yake haufuri sana. Hilo la mwisho ndilo ninalolitazama mwanzo. Saratani iliyobana mrija kiasi hicho ingeufurisha. Halafu nashuka kwenye figo, napanda kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini, kwa sababu ugonjwa huu hautulii sehemu moja.

KarafuuKavu, maswali matatu. Maumivu yake makali kiasi gani? Ana homa au baridi ya kutetemeka? Keshawekewa stenti, kile kijibomba cha kuzibua mrija wa nyongo?

KarafuuKavu

Ahsante daktari. Maumivu anayavumilia, anameza panadoli analala. Homa hana. Stenti hajawekewa, lakini spitali moja wametwambia tumlete keshokutwa wamuwekee ili manjano yatoke, MRI itafuata baadaye.

DaktaWaNgambo

Kwanza, maumivu. Yangekuwa ya kulia usiku na kutaka sindano za nguvu, ningeanza kuiondoa ile ya kinga ya mwili kichwani mwangu. Ya panadoli hayaiondoi.

Pili, hilo la stenti lishike. Akipata homa na kutetemeka, nyongo iliyoziba imeingia vidudu, hapo azibuliwe siku hiyo hiyo, hakuna kungoja picha yoyote. Lakini ikiwa ni manjano na kujikuna tu, na homa hana, waombe kwa adabu MRI itangulie. Stenti ikishaingia, mrija uliopanuka unanywea, kuta zake zinavimba kwa kuguswa, na pengine kongosho lenyewe linakasirika likavimba upya. Naletewa picha namna hiyo, naulizwa "hii saratani au kuvimba?", wakati nusu ya ushahidi umeshafutika. Waambie hivyo hivyo, kwamba mnaomba picha kabla ya stenti. Daktari mzuri hatakasirika.

Mchangamdogo

Nami nina suali. Marehemu baba alikuwa na kongosho sugu, akaulizwa pombe mbele ya watu wodini. Mzee hajawahi kuonja tone, swala tano. Alikasirika hakurudi tena spitali. Hivi lazima iwe pombe?

KarafuuKavu

Wallahi hata mjomba aliulizwa hivyo hivyo! Akanyamaza siku nzima. Sigara ndiyo, alikuwa mvutaji tangu ujana.

PichaZaNdani

Suali lina haki yake, namna ya kuuliza ndiyo mbaya. Mtu aulizwe faragha na aambiwe kwa nini anaulizwa. Na sigara iandikwe, wengi wanaisahau kwenye fomu.

DaktaWaNgambo

Mchangamdogo, Mungu amrehemu mzee. Pombe ni sababu kubwa lakini haiko peke yake. Sigara yenyewe inatosha kuharibu kongosho. Kuna mafuta ya damu aina ya trigliseridi yakipanda sana, kuna kalsiamu nyingi kwenye damu, kuna kasoro za kurithi. Tena kuna kongosho sugu la nchi za joto, daktari Zuidema alilieleza Indonesia mwaka 1959, baadaye likaonekana sana Kerala kule India, na Uganda pia. Linaanza ujanani, mawe makubwa yanajaa ndani ya mrija, kisukari kinafuata. Mgonjwa wa namna hiyo hana habari na pombe.

Mchangamdogo

Indonesia na Kerala, watu wa nazi na muhogo kama sisi. Nimesoma mahali kwamba muhogo ndio unaoleta. Pemba hapa tutakula nini basi?

DaktaWaNgambo

Kula muhogo wako. Ile dhana ilikuwepo miaka mingi, kwa sababu muhogo una sumu ya sayanidi, lakini haikuthibitika. Ugonjwa ulikutwa kwa watu wasiokula muhogo, na walaji wakubwa wa muhogo wengi hawana. Siku hizi wanatazama zaidi urithi, kuna kasoro kwenye jeni ya urithi iitwayo SPINK1 imekutwa kwa wengi wao.

Ila jambo moja hapo linarudi kwenye mada. Mawe ya kongosho MRI haiyaoni vizuri, yanatoka matundu meusi tu ndani ya mrija mweupe. CT inayaona meupe pe. Ndiyo maana nasema CT ya mjomba haikwenda bure. Nikipewa MRI bila CT nahisi nimefungwa jicho moja. Kongosho lililojaa mawe linanivuta upande wa kuvimba. Mawe yaliyosukumwa pembeni na kitu laini katikati yananirudisha upande wa saratani.

Na hili sipendi kulisema lakini nitalisema: kongosho lililovimba kwa miaka mingi lina hatari zaidi ya kupata saratani. Na saratani ikiziba mrija, kongosho la nyuma yake linavimba. Kwa hivyo "ni hii au ile?" si suali la haki siku zote. Zinaweza kuwa zote mbili kwa mtu mmoja, na sindano ikachukua kinyama cha kupimwa kwenye sehemu iliyovimba, majibu yakaja "hakuna saratani", na saratani iko sentimita moja pembeni.

Bi mkubwa wa Kizimbani, jirani yako aliye hai mwaka wa tano bila ya matibabu, Alhamdulillah. Lakini mie ningetaka kuziona picha zake. Saratani ya kongosho iliyoachwa hivi hivi haimpi mtu muda huo. Ninashuku aliumwa na kovu tangu mwanzo, na aliyemwambia saratani alikuwa na picha moja tu mkononi.

BiKizimbani

Basi hata mie nimepata cha kufikiri, daktari. Nitamuuliza kama bado ana karatasi zake.

KarafuuKavu

Tumewaomba, wamekubali. MRI kwanza, stenti baadaye. PichaZaNdani, mzee anaogopa. Kaambiwa ni kaburi la chuma lenye makelele. Ajiandae vipi?

PichaZaNdani

Mwambie lina mlango pande zote mbili, taa inawaka, na mkononi atapewa kengele ya kubonyeza akitaka kutoka. Makelele ni kweli, tutamziba masikio.

Asile wala asinywe kitu kwa muda wa saa nne mpaka sita kabla ya kipimo, ili tumbo liwe limetulia na kibofu cha nyongo kijae. Sehemu nyingine, dakika chache kabla ya kuingia wanampa mgonjwa juisi ya nanasi. Msidhani ni ukarimu. Nanasi lina madini ya manganisi, na manganisi inayazima maji ya tumboni kwenye picha za mirija, mirija ikabaki yenyewe inawaka bila kufunikwa na tumbo. Kwa kuwa ana sukari, awaambie mapema, na asijinunulie mwenyewe njiani akanywa.

Kipimo cha figo, kreatinini, awe nacho. Gadolinia kwa figo mbovu sana inataka tahadhari. Mwenye mashine ya moyo kifuani aseme, aliyewahi kurukwa na chembe ya chuma jichoni kwa kuchomelea aseme. Na hapa kwetu nauliza kitu ambacho kwenye fomu za wageni hakimo: hirizi. Wazee wengi wanavaa kiunoni au juu ya mkono, ndani ya kikasha cha bati au shaba, na wanaona haya kusema mbele ya wajukuu. Muulize mjomba mkiwa wawili tu. Ataivua kwa heshima, atapewa pa kuiweka, atarudishiwa. Bati likiingia ndani ya sumaku linavutwa, na hata lisipovutwa linachafua picha pale pale penye kongosho.

Kubwa kuliko yote ni pumzi. Tutamwambia vuta, toa, zuia, na azuie mpaka sekunde 20 hivi, mara nyingi. Akipumua katikati kongosho linapanda na kushuka, na picha inatoka ukungu. Mfanyishe mazoezi nyumbani, akae kitako, atoe pumzi, azuie, nawe unahesabu. Picha nyingi mbaya ninazozijua hazikuharibiwa na mashine. Mgonjwa hakuelezwa, au alielezwa kwa haraka.

Na fomu ya kuombea kipimo isiandikwe "MRI ya tumbo" basi. Iandikwe suali: donge kichwani mwa kongosho, saratani au kuvimba, naomba na picha za mirija, za mtawanyiko na za dawa kwa awamu. Fomu ikija tupu, anayepiga anapiga ya kawaida, na mirija haimo.

JuaKaliDarajani

Hirizi! Dada umegusa penyewe. Babu yangu alirudishwa nyumbani kwa hilo.

KarafuuKavu

Salaam tena. MRI imefanyika, mzee alijitahidi na pumzi mashaallah. Hirizi ilikuwepo, tena mbili.

Ripoti kwa ufupi: donge kichwani sentimita 3. Mrija mkuu wa kongosho unapita ndani ya donge, mwembamba, haukukatika. Nyuma yake upana milimita 4. Mrija wa nyongo umesinyaa taratibu, kuta laini. Donge linang'aa polepole baada ya dawa. Ukingo mwembamba mweusi unazunguka kichwa na kiwiliwili. Madoa kwenye figo zote mbili. Kwenye ini hakuna kitu. Hitimisho: inaelekea zaidi kuwa ni kuvimba kwa kinga ya mwili, saratani haijaondolewa, wanataka IgG4 na kinyama.

Nyumbani vigelegele. Binamu yangu ana predinisoloni kabatini, dawa za pumu za mkewe, anataka mzee aanze leo usiku. Kasoma kwenye simu kwamba donge linayeyuka.

DaktaWaNgambo

Zuia hizo dawa. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Ripoti ni nzuri, tena imeandikwa na mtu aliyetulia. Alama zote zinaelekea upande mmoja, na figo ndizo zilizonifurahisha zaidi. Lakini predinisoloni ni steroidi, na steroidi hupunguza uvimbe wa kila namna. Zinaweza kumpa nafuu hata mwenye saratani, kwa sababu nyama iliyovimba pembeni yake inanywea. Mtafurahi, wiki zitapita, na donge lenyewe linakua. Tena kinyama kikichukuliwa baada ya steroidi, mchunguzi anaweza asione alama za ugonjwa alizokuwa anazitafuta. Na sukari yake itapanda juu.

Utaratibu ni huu. IgG4 ipimwe, mkijua kwamba kama mmoja kwa kumi ya wenye saratani ya kongosho naye anaweza kuwa nayo juu kidogo. Ikiwa juu zaidi ya mara mbili ya kiwango, nguvu yake ni kubwa. CA 19-9, alama ya saratani inayotafutwa kwenye damu, wataipima pia. Hiyo inapanda kwa manjano peke yake, na wapo watu ambao damu yao haiitengenezi kabisa hata wakiwa na saratani, kwa hivyo msiifanye hakimu. Halafu kinyama kwa ultrasaundi ya kupitia mdomoni, kamera yenye kipimo kwenye ncha, sindano inapita ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo mpaka kwenye donge. Kikija hakina saratani na mengine yote yanakubaliana, hapo ndipo steroidi zianze mbele ya daktari, na wiki mbili baadaye apigwe picha tena. Kuvimba kwa kinga ya mwili kunajibu haraka, donge linapungua waziwazi. Lisipopungua, hakuna kusema tumpe wiki mbili nyingine. Turudi kwenye saratani na tumwite mpasuaji.

KarafuuKavu

Nimempigia, vidonge nimevichukua viko kwangu. Kakasirika lakini atanisamehe. Kinyama tumepangiwa Dar, tunaondoka na boti ya Jumatatu kutoka Mkoani. Tubebe nini?

PichaZaNdani

CD ya MRI na CD ya CT, zote mbili. Karatasi ya ripoti haitoshi, na picha ya simu ya filamu iliyobandikwa dirishani haimsaidii mtu. Zijaribu kwanza kwenye kompyuta kabla hamjaondoka, CD nyingi zinatoka tupu. Majibu ya damu yote, pamoja na ya kuganda kwa damu, maana nyongo ikiziba siku nyingi damu inachelewa kuganda, na sindano inaingia ndani. Kama anameza aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu waambie mapema.

KarafuuKavu

CD ya CT imebaki kwa binamu yangu yule aliyekasirika. Nitaifuata leo.

DaktaWaNgambo

Ifuate. Na anayechukua kinyama aambiwe wazi kwamba mgonjwa hajameza steroidi hata kidonge kimoja. Muandike juu ya fomu, kwa herufi kubwa. Bila ya hilo, majibu yakija "kuvimba tu" tutabaki tunabishana kama ni ugonjwa au ni dawa.